Muulizaji wa Kitanda cha Tisa

Kitu cha kwanza Tusekile alichokiona kilikuwa mafuta. Kila alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, mgonjwa wa kitanda cha tisa alijikokota akakaa kitako, akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya nazi, akajipaka midomoni. Midomo ile ilikuwa imepasuka kwa ukali wa dawa za dripu, na mchana kutwa aliiacha ikauke mpaka ikachanika. Lakini saa kumi na mbili ilipokaribia aliipaka ikang'aa. Akafunga kilemba kufunika kichwa kilichonyonyoka nywele, akanyoosha shuka, akangoja.

Tusekile aliyaona hayo kwa sababu saa hiyo ndiyo aliyokuwa akipiga deki, na mtu anayepiga deki watu hawamwoni. Alikuwa mhudumu wa wodi, miaka kumi na tisa, mwembamba, macho chini. Siku tatu alidhani mama yule anajipamba kwa ajili ya daktari. Siku ya nne akakumbuka kwamba daktari hupita saa nne.

Ukutani, juu ya mto wa kila kitanda, palikuwa na kidude cha mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai. Saa kumi na mbili kamili cha kitanda cha tisa kiliwaka mwanga hafifu, na sauti ya msichana ikatoka.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu Ikupa. Nimeamka salama."

"Umelala vizuri?"

"Fofofo. Kama mtoto."

Hakulala. Tusekile alipoingia na ndoo saa kumi na moja alimkuta macho wazi, anatazama dari.

"Siku hizi, mama, kuna kitu kinachokufurahisha?"

"Vingi. Jana huyu mwalimu wa kitanda cha kumi katuchekesha mpaka mbavu zikauma."

"Unapatwa na hofu bila kujua unaogopa nini?"

"Mimi? Niogope nini na umri huu?"

Maswali yalikuwa kumi na mawili, na yote mama aliyajibu kwa uso mkunjufu, amekielekea kile kisahani kama mtu anayezungumza na mgeni aliye mlangoni. Mwisho mwanga uligeuka kijani, na tarakimu ikatokea: moja. Moja kati ya thelathini na sita, na namba ndogo ndiyo ya moyo mzima. Hata Tusekile mwenyewe angepimwa, asingepata moja.

"Haya mama, kesho."

"Kesho, mwanangu. Nenda kapumzike."

Mwanga ukazimika. Mama Ikupa akaifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akavua kilemba, akalala ameuelekea ukuta. Mpaka jioni hakuna aliyemsikia tena.

Ikupa alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Na Tusekile, tambara la deki mkononi, alikuwa amesimama palepale kama kila alfajiri, kwa sababu chini ya sauti ya marehemu kulikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa ya kwake.

*

Zamani, katika hospitali hii ya saratani iliyojengwa juu ya vilima vya Rungwe, mahali ambapo ukungu huingia madirishani kama mtu wa nyumbani, wauguzi walipita na karatasi. "Mama, una huzuni?" "Hapana sista, namshukuru Mungu." "Baba, unakata tamaa?" "Sijambo kabisa, mwanangu, poleni na kazi." Mtu ameliwa na ugonjwa mpaka mifupa, na bado anamjibu anayemsalimu kwamba hajambo, maana si adabu kumtwisha mwenzio mzigo asubuhi asubuhi. Basi sonona ikapita katikati ya wodi bila kuonekana. Wanaume wakageukia ukuta. Wanawake wakakataa uji. Karatasi zikasema wote wazima.

Ndipo wizara ikaleta Muulizaji. Kilichotofautisha kifaa hiki ni kwamba hakikusikiliza maneno peke yake. Kilihesabu pumzi, kikapima ukimya unaotangulia jibu, kikasikia mtetemo ambao sikio la mtu haliusikii. Hata hivyo nacho kikadanganywa, mpaka mafundi walipogundua jambo moja: watu huwaambia ukweli wafu wao. Mtu atamficha daktari, atamficha mume, lakini akisikia dada yake aliyezikwa anamwuliza, "We, una nini?" atasema.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa waliombwa walete ujumbe wa sauti wa zamani uliobaki kwenye simu za marehemu. Humo mtambo ulipata nyama ya sauti. Mifupa yake ilitakiwa itoke kwa mtu aliye hai, mwenye matamshi ya huku, na kwa upande wa wanawake walimtafuta hospitali nzima mtu mwenye sauti isiyotisha. Fundi Gwamaka alimsikia Tusekile akiimba chinichini huku anaosha mabeseni. Miaka miwili alikuwa kazini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kugundua kwamba ana sauti.

Walimrekodi kwenye stoo ya shuka, wamezungushia magodoro ukutani. Shule aliiacha darasa la tano, na alipopewa karatasi asome, alijikwaa kwenye kila neno kama anayepita juu ya mawe pekupeku. Gwamaka akaiweka karatasi kando. "Basi mimi nitasema, wewe ufuatishe." Siku tatu akawa anamnong'oneza sentensi, naye anazirudia. *Umelala vizuri. Kuna kitu kinachokufurahisha.* Mwisho akatia jina lake, kwa herufi kubwa, chini ya ahadi kwamba hatamwambia mgonjwa yeyote kuwa sauti ni yake.

Wiki mbili baadaye aliingia kazini na ndoo yake, akajikuta anauliza kutoka vitanda thelathini.

Alitaka kukichukia kile kisahani, akashindwa. Mwalimu Edina wa kitanda cha kumi, mstaafu kutoka Chunya ambaye siku hizi hafungi mdomo, siku yake ya kwanza alisikia sauti ya marehemu dada yake, akalia, akakiri kwamba vidonge vya usingizi vya wiki nzima amevificha ndani ya soksi. Taa yake iliwaka nyekundu. Kabla ya chai mshauri nasaha alikuwa ameketi kitandani pake. Kisahani kile ndicho kilichomwokoa, na Tusekile alijua.

*

Jumatatu Mama Ikupa alimpa Mwalimu Edina kitana chake cha mti wa mpingo.

"Kitana!" Mwalimu akakigeuzageuza. "Mama Ikupa, hebu tujitazame. Mimi kipara, wewe kipara. Tuchane nini, masikio?"

"Zitaota."

"Na za kwako?"

Mama Ikupa akatabasamu tu. Toroli la dawa linalojiendesha likapita kati ya vitanda likipiga filimbi. Wagonjwa walilibatiza jina la Shemeji, kwa kuwa lilikuja kila mtu anapoanza kula. Mwalimu alilitupia maneno, na wodi ikacheka. Alipogeuka tena, mwenzake alikuwa tayari ameuelekea ukuta.

Jumanne akagawa redio. Mwalimu hakufanya mzaha tena. Alimngoja Tusekile afike na sahani, akamshika kiwiko.

"Binti, mimi nimefundisha miaka thelathini na nne. Mtoto anayegawa kalamu zake katikati ya muhula, ujue kuna kitu. Hebu mchunguze huyo jirani yangu. Kwako wewe husema."

Ilikuwa kweli. Kwa mtu mkimya, watu husema. Jioni hiyo Tusekile alikuwa akimwosha Mama Ikupa mgongo kwa maji ya uvuguvugu, naye Mama Ikupa akaongea bila kuulizwa, akilitazama dirisha lililojaa ukungu.

"Alhamisi nasaini."

"Unasaini nini, Mama Ikupa?"

"Karatasi ya kuacha dawa. Saa nne, daktari akija."

Mkono wa Tusekile ukasimama mgongoni. Kila mtu wodini alijua habari za uvimbe wa Mama Ikupa, maana daktari alizitangaza kwa furaha: umepungua nusu, bado dripu mbili, na akimaliza ana matumaini ya miaka kumi, pengine zaidi.

"Lakini dawa inafanya kazi," Tusekile akasema.

"Inafanya. Sikatai." Akashika ukingo wa kitanda. "Usinione mjinga. Najua ile sauti ya alfajiri ni mashine. Sista alinieleza, nikatia sahihi. Picha nayo ni karatasi tu, lakini nani anayeichoma picha ya mwanawe? Basi niliisikiliza kama picha. Mpaka siku moja nikasikia kitu. Kabla hajasema 'mama', anavuta pumzi. Kidogo tu. Kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Umewahi kuisikia?"

Tusekile akakamua kitambaa.

"Ikupa alikuwa hivyo tangu mdogo. Aliogopa watu. Na ile pumzi haimo kwenye simu, maana ule ujumbe wake ninao, nimeusikiliza mara elfu. Kwenye simu alisema harakaharaka, salio lisiishe. Sasa mashine iliipata wapi pumzi ya mwanangu?"

Maji yalikuwa yanapoa ndani ya beseni. Tusekile aliijua pumzi ile. Ilikuwa yake tangu utotoni. Mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa akimchapa kwa ajili yake: *jibu upesi, unavuta pumzi kama chura.* Hakuwahi kusema neno mbele ya mtu bila kwanza kuikusanya roho yake.

"Kwa hiyo ni yeye," Mama Ikupa akasema. "Na kama ni yeye, hajalala. Alikufa Makambako kwa homa, mimi sipo, nilimkuta ameshafunikwa. Miaka mitatu. Kwetu tunasema mfu anayerudi kuuliza kuna kitu kimemshika. Kilichomshika ni mimi. Kila kukicha, mama umelala, mama unaogopa, mama umechoka. Mtoto gani huyo, asiyepumzika kwa sababu ya mama yake? Ninamjibu kwamba mimi mzima ili aende zake, na bado kesho anarudi. Haendi. Basi nitamfuata. Nikifika hatakuwa na wa kumwuliza."

"Mama Ikupa..."

"Usimwambie mtu. Nimekwambia wewe kwa kuwa husemi."

*

Jumatano Sista Kissa, mkuu wa wodi, alikuwa akila mhogo wa kuchemsha huku anasaini vitabu. Tusekile alisimama mlangoni mpaka sista akainua kichwa.

"Tuse. Ukisimama hapo kimya unanitisha. Ingia, kaa. Nini?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi nyuma, akasahau kitana. Sista aliacha kutafuna. Alipomaliza, sista alivuta kioo cha rekodi akamwonyesha.

"Siku kumi na saba. Moja, moja, sifuri, moja. Hiyo namba si ya mgonjwa, hiyo ni namba ya bibi harusi. Wakinipima mimi leo nitawaka nyekundu mpaka watu wadhani zimamoto imefika."

"Anajibu uongo."

"Uongo Muulizaji anaukamata. Anasikiliza pumzi, Tuse, na moyo pia."

"Moyo wake unafurahi kweli. Anamsikia mwanawe." Tusekile aliyatazama magoti yake. "Anakuwa mzima zile dakika nane. Kisha anakufa mpaka kesho yake."

Sista akaweka mhogo chini.

"Sikiliza. Sheria inasema mwenye kijani ana akili timamu na moyo mzima, anasaini kwa mkono wake, hata mimi siwezi kuuzuia. Angekuwa na nyekundu ningemsimamisha siku kumi na nne aonane na mshauri. Mshauri ni mmoja, vitanda sitini, wa kijani hafikiwi. Na kisahani siwezi kukizima bila yeye kukubali. Tena nikuulize: nani kakuambia huyo mama hana haki ya kuchoka? Nimewaona watu wakilazimishwa dawa mpaka siku yao ya mwisho. Si jambo la kutazama."

"Haki anayo. Lakini hajachoka yeye, sista. Anadhani mtoto ndiye aliyechoka."

Sista alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Mwambie ni sauti yangu," Tusekile akasema. "Wewe mwambie."

"Nikimwambia mmoja nimeiambia wodi nzima. Kuna wanawake thelathini pale, na kumi kati yao wako hai kwa sababu ya hiyo siri. Mwalimu Edina yumo. Ongea na Gwamaka. Huenda ana njia."

Gwamaka alikuwa nayo. Alimsikiliza kwenye simu, akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Hilo ni jambo dogo. Nenda stoo ya shuka, kinasa sauti bado kipo, kiwashe. Sema sentensi moja, mimi hapa nitaivalisha sauti ya Ikupa. 'Mama, usisaini.' Kesho saa kumi na mbili ataisikia. Kwisha."

"Si uongo huo?"

"Tuse, dada yangu. Na yale maswali kumi na mawili ni nini?"

Alikwenda. Alijifungia kati ya magodoro, akawasha kinasa, na Gwamaka akamnong'oneza kwenye simu kama zamani. *Mama, usisaini. Bado nakuhitaji.* Akafuatisha. Dakika tatu baadaye mtambo ukamrudishia.

Haikuwa tena sauti yake. Alikuwa msichana mwingine, ameketi naye gizani ndani ya stoo, anaomba. Lakini kabla ya neno "mama" pumzi ilivutwa, ndogo, ya kuogopa, na Tusekile akahisi kifua chake mwenyewe kimeinuka bila yeye kukiinua. Aligeuka akatazama nyuma. Kulikuwa na shuka tu.

Aliwaza kesho itakavyokuwa. Mama angetii, mama gani angekataa? Asingesaini. Angemaliza dripu mbili, nywele zingeota, angeishi miaka kumi. Na kila alfajiri ya miaka hiyo kumi angejua kwamba mwanawe yuko macho, anamlilia, hana mahali pa kulala, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemzuia.

"Umeipenda?" Gwamaka aliuliza. "Imekaa vizuri sana. Hata mimi nimeogopa."

"Ifute."

"Unasemaje?"

"Ifute, fundi. Naomba uifute nikiwa nasikia."

*

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba taa za wodi zilionekana kama viini vya mayai. Tusekile aliingia bila ndoo. Mama Ikupa alikuwa ameketi, midomo inang'aa, kilemba kimefungwa kwa namna ya sikukuu. Pembeni mwa mto alikuwa ameweka kalamu.

"Leo umechelewa," Mama Ikupa akasema. "Pisha kidogo, mwanangu yuko njiani."

Zilibaki dakika tano. Tusekile alivuta pazia kukizunguka kitanda, akapanda kwenye kiti, akakichomoa kile kisahani ukutani. Kilitoa mlio mdogo, kikafa mkononi mwake.

"Unafanya nini? We mtoto, unafanya nini?"

"Nataka kukwambia jambo."

"Kirudishe. Anakuja sasa hivi."

"Haji, Mama Ikupa. Hajawahi kuja."

Mwanamke aliunyoosha mkono wenye sindano, akitaka kukinyang'anya kile kisahani, na dripu ikayumba. Tusekile akakiweka mapajani mwa mama mwenyewe, asije akajiumiza. Kisha akapiga magoti sakafuni ili wasitazamane kwa juu na chini, na akasema, kwa sauti yake mwenyewe, lile neno lililonong'onezwa sikioni mwake kati ya magodoro.

"Mama, umeamkaje? Umelala vizuri?"

Mama Ikupa akaacha kuhangaika.

"Kuna kitu kinachokufurahisha?" Tusekile aliendelea, na kabla ya kila swali pumzi ilivutwa, asingeweza kuizuia hata angetaka. "Unapatwa na hofu bila kujua unaogopa nini?"

"Basi."

"Mama..."

"Nimesema basi."

Upande wa pili wa pazia, Mwalimu Edina alikuwa ameacha kukohoa. Wodi nzima ilikuwa imenyamaza namna ile ya watu wanaojifanya wamelala. Hapo Tusekile akajua kwamba ameshasema kwa vitanda vyote, na kwamba kabla ya mchana atakuwa hana kazi, na wako ambao hawatamsamehe. Mwalimu pengine angekuwa wa kwanza.

"Ni wewe," Mama Ikupa akasema.

"Ni mimi. Walinirekodi mwaka jana. Wakaweka sauti ya Ikupa juu yangu. Ile pumzi ni ya kwangu. Niliijua tangu uliponieleza, nikanyamaza."

Kofi lilikuja bila nguvu, mkono wa mgonjwa, likamgusa shavuni na kubaki hapo. Mama Ikupa alianza kulia kwa namna ambayo Tusekile hakuwahi kuiona wodini humo, mdomo wazi, bila sauti, mafuta yakichanganyika na machozi. Alilia kwa muda mrefu. Nje ya pazia Shemeji alipita akipiga filimbi, na safari hii hakuna aliyemtania.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema hatimaye, na maneno yalimtoka mojamoja, "amelala?"

"Amelala, Mama Ikupa."

"Hajawahi kuamka."

"Hajawahi. Hata siku moja."

"Miaka hii yote alikuwa amelala zake."

"Ndiyo."

Mama Ikupa aliufunika uso kwa kilemba. Mabega yake yalishuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetuliwa kuni kichwani. Alipoufunua tena alikuwa mzee zaidi, na macho yake yalikuwa na hasira.

"Umeniulia mwanangu mara ya pili. Unajua hilo?"

"Najua."

"Sitaisikia tena."

"Hutaisikia."

"Na mimi mjinga nimekaa hapa kila siku najipaka mafuta." Akakichukua kile kisahani mapajani, akakitazama mbele na nyuma, akakiweka kwenye kabati dogo, chali. "Sijalala, ukitaka kujua. Tangu Julai sijalala. Chakula nakiona kama udongo. Naogopa mpaka meno yananiuma. Haya, andika. Inakuwa ngapi hiyo?"

"Sijui kuhesabu ile namba. Nitamwita Sista Kissa."

"Mwite. Lakini usiguse kalamu yangu." Aliishika. "Hii karatasi bado ni yangu, au mmeninyang'anya na hiyo?"

Tusekile alifikiri siku kumi na nne, nyekundu, sheria. Alifikiri jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kusema kwamba hapana, haitakuwa yake tena.

"Watakuomba ungoje, uongee na mshauri. Lakini mwisho ni yako. Hakuna wa kukushika mkono."

"Na wewe uliyenivunjia nyumba yangu, unasemaje? Hapo ulipo. Unataka nisaini au nisisaini? Au mpaka fundi akwambie?"

Tusekile alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu aliyoipiga deki miaka yote hii akiwa na tambara mkononi. Siku zote hizo, kutoka vitanda thelathini, alikuwa ameuliza kila kitu kinachoweza kuulizwa, na hakuna sentensi hata moja iliyokuwa yake. Hii hakuwahi kuitamka kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake mzazi alipokuwa akizimika kwenye mkeka nyumbani kwao na watu wakimwambia binti nyamaza, usimsumbue mgonjwa.

"Sitaki ufe," akasema.